Nilivyopata habari za maji kijijini Java kwa kushika zamu ya doria

Dodoso langu lilijaa upesi mno hadi likanitia shaka. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, nikichunguza namna wakulima wa mpunga wanavyogawana maji, na nilipangiwa kitongoji kimoja magharibi mwa wilaya ya Sleman, upande wa Mto Progo. Je, maji yanakutosha? Yanatosha. Umewahi kukorofishana na jirani kwa sababu ya maji? Hapana. Ratiba inafuatwa? Inafuatwa. Nyumba baada ya nyumba ni majibu hayo hayo, pamoja na chai ya moto iliyojaa sukari na mihogo ya kukaanga.

Mimi ni mtoto wa Pemba, nimekulia kwenye mabonde ya mpunga. Mtu mwenye shamba mwisho wa mfereji haniambii mimi kwamba Agosti maji yanamtosha. Ila Mjava wa kijijini ana adabu zake: mgeni haambiwi jambo la kumkera, na ugomvi wa maji ni siri ya nyumba. Kuuliza tena kwa maneno mengine kusingenisaidia kitu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mkuu wa kitongoji, wenyewe humwita Pak Dukuh. Njia ya kuingilia ina kibao kinachomtaka kila mgeni anayelala ajiandikishe ndani ya saa 24. Kwetu ningekwenda kwa sheha. Kule unakwenda kwa mwenyekiti wa RT, yaani kundi la nyumba jirani, mfumo ulioanza enzi za kukaliwa na Wajapani kwenye miaka ya 1940. Kila RT ina orodha ya wanaume wa doria ya usiku, ronda, na orodha hiyo hubandikwa kwenye kibanda cha zamu. Nikaisoma, kisha nikamwendea mwenye nyumba wangu.

"Bapak, naomba na mimi niandikwe."

Akacheka. "Mas, wewe mgeni. Wageni wanalala."

"Mgeni siku mbili, Bapak." Sikumalizia methali, kwani siku ya jembe ilikuwa inakuja yenyewe.

Kilichonisaidia zaidi, nadhani, ni Alhamisi usiku. Wanaume hukutana kwenye nyumba ya mmoja wao wakasoma Yasini, wakawaombea waliotangulia, kisha kila mtu akarudi kwake na kifurushi cha wali. Hitma tupu! Nilikaa mkekani nikasoma nao bila kitabu, na madhehebu yetu ni yale yale ya Shafi. Baada ya hapo jina langu likaandikwa kwenye orodha.

Doria yenyewe si kazi ya kukamata wezi. Kibandani kuna kigogo kilichochimbwa ndani cha kugonga kukiwa na hatari, mikeka, domino, kahawa na karanga za kuchemsha. Katikati ya usiku watu wawili hushika tochi na mfuko wakazunguka. Kila nyumba ina kopo dogo la plastiki limetundikwa ukutani karibu na mlango, na ndani mwenye nyumba ameweka konzi ndogo ya mchele. Wengine siku hizi huweka sarafu ya rupia 500. Wenyewe wanaita jimpitan. Mnamimina mchele mfukoni, mnarudisha kopo, mnaweka alama kwenye daftari, mnakwenda nyumba ya pili. Mchele huuzwa, na fedha hununua viti, maturubai na sahani za misiba na harusi.

Mwanzoni niliuona kama mchango tu. Kisha usiku mmoja tukakuta kopo tupu kwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Mwenzangu hakugeuza ukurasa wa daftari. Alimulika dirisha, akasikiliza, akaniambia, "Hajawahi kusahau huyu." Alfajiri mke wa mwenzangu akapelekwa kumtazama, akamkuta kitandani na homa. Konzi ile ya mchele ni hesabu ya walio hai na wazima, inayofanywa kila usiku bila kumgongea mtu mlango. Dodoso gani litakupa hilo?

Mazungumzo ya maji yalifunguliwa na karafuu. Mzee mmoja wa zamu yangu alikuwa akivuta kretek, sigara zao zenye karafuu ndani, zinazolia taratibu zikiungua. Mimi sivuti, lakini harufu ile ni ya majamvi ya kwetu msimu wa kuanika. Akaniona navuta pumzi.

"Afrika kuna hii?"

"Mbah, hii ndiyo iliyonisomesha."

Ikabidi nieleze. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko kwao. Ulipandwa Zanzibar katika karne ya 19, na baadaye Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya kretek, mpaka walipopanda mikarafuu yao ya kutosha. Mzee akapiga hesabu kichwani. "Basi baba yangu amevuta karafuu za babu yako." Kicheko kikapasuka kibandani. Kutoka hapo tukaingia kwenye bei, na wakulima wakishafika kwenye bei hakuna tena adabu za wageni. Nikawaeleza jinsi kwetu mtu mwenye shida anavyokodisha mikarafuu yake kabla hata ya kuchuma. Nao wakaniambia habari za mfanyabiashara anayezunguka jaruba mpunga ukiwa umesimama, anautazama kwa macho, anataja bei ya shamba zima, na mwenye shamba anayedaiwa ada ya mtoto anakubali.

Usiku huohuo, bila mimi kuuliza, mmoja akasema kesho hatafika domino, anakwenda kulinda maji yake.

Nilikwenda naye. Kiangazi maji hutolewa kwa zamu, na zamu nyingine huangukia usiku wa manane. Ukifungua ubao wa mfereji wako ukaenda kulala, wa juu yako atateremka aufunge, atafungua wake, na asubuhi mtasalimiana vizuri kabisa. Kwa hiyo unakaa pale na sarungi mabegani hadi jaruba lijae. Tulikaa tukasikiliza vyura, naye akanionyesha kwa tochi: hili la fulani, hili la fulani, lile la ofisa wa kijiji. Maofisa wa vijiji kule hupewa shamba la kulima muda wanapokuwa madarakani, kama sehemu ya malipo yao, na mashamba hayo mara nyingi yako pazuri. Nikaelewa pia kwa nini wa mwisho wa mfereji hupanda karanga msimu wa tatu. Kwenye dodoso walisema wanapenda karanga.

Nilipandikiza nao pia, lakini hilo sitalirefusha. Kazi ile ni ya akina mama wa kukodiwa, wanaokwenda kinyumenyume ndani ya tope wakifuata mistari iliyochorwa kwa reki ya mbao, wakiruka mstari mmoja kila baada ya michache ili miche ya pembeni ipate jua. Kiuno changu kilisalimu amri kabla ya saa nne asubuhi. Bibi aliyekuwa jirani yangu, mkubwa kuliko mama yangu, alinifikia, akanipita, akanimalizia na mstari wangu.

Kabla sijakabidhi tasnifu niliwasomea pale kibandani sura ya maji ya usiku, kwa Kiindonesia changu cha kuungaunga. Majina sikutaja, na wakaniomba nifute alama mbili kwenye ramani ambazo zingemtambulisha mtu. Nikafuta. Wenye mashamba ya juu wakataka niongeze kwamba wao ndio husafisha mfereji mara nyingi zaidi. Wa chini wakasema husafisha sehemu yao tu, takataka wakawateremshia wenzao. Walibishana hadi wakati wa kuzungusha mfuko ukapita, na mwenyekiti wa RT akaja mwenyewe kuuliza mchele uko wapi. Kauli zote mbili zimo kwenye tasnifu, kila moja na upande wake wa mfereji.