Nilimdharau Saul

Baridi ya Julai hapa Uyole, Mbeya, haina adabu. Saa moja jioni nishajifungia ndani na mablanketi mawili na chai ya tangawizi. Mdogo wangu akaniletea flashi kutoka Mwanjelwa: "Dada, jaribu hii." Better Call Saul, tamthilia ya Marekani iliyotokana na Breaking Bad, misimu yote 6.

Nikaguna. Breaking Bad nimeimaliza mara mbili, na hizi tamthilia zinazochomolewa ubavuni mwa nyingine mara nyingi ni kiporo. Tena Saul mwenyewe kule Breaking Bad alikuwa wakili wa kuchekesha tu!

Msimu wa kwanza nilisinzia, sifichi. Inakwenda kama lori la viazi linapanda Mlima Nyoka. Ila humo yumo Chuck, kaka yake Saul, anayeamini umeme unamdhuru. Anakaa gizani na karabai, kajifunika blanketi la foili. Nikiwa hapohapo, umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ina chaji asilimia 11, mimi nimejikunyata vilevile kama Chuck. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kwa kasi, haifikii Breaking Bad hata kidogo. Ila kuna Kim, wakili mpenzi wa Saul. Hadithi hii inaanza kabla ya Breaking Bad, kwa hiyo Saul na Mike, mtu wa kazi chafu, unajua watafika salama, maana ulishawaona kule mbele. Kim kule hayupo kabisa! Basi kila akiwasha gari roho inanidunda: ndiyo leo?

Sehemu ya 63 niliimaliza saa nane usiku. Dogo anadai flashi yake. Bado sijampa, naanza upya Jumamosi.