Babu na Meli za Februari

Binti yangu aliniuliza jana, daftari la shule likiwa mkononi, babu yangu alipigana na nani. Nilimtajia Wajapani, akaandika, akafunga daftari. Mimi nikabaki nikiwaza mchana mmoja pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa.

Wanaomkumbuka babu wanajua kwamba habari za Keya, jeshi la Kiingereza la askari wa Kiafrika (KAR) alilopigania katika Vita vya Pili vya Dunia, hakuzipenda. Burma nzima, pamoja na matope na homa za bonde la Kabaw, hadi kuvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944, aliimaliza kwa maneno matatu: "Tulitembea, tukanyeshewa, tukarudi."

Mchana huo tulikuwa chini ya mbuyu tukila mihogo ya kukaanga, na meli ya mizigo ilikuwa ikiingia Kilindini. Babu aliacha kutafuna, akaifuata kwa macho mpaka ikapita kivuko cha Likoni, kisha akaanza kueleza, bila ya kuulizwa, jinsi walivyoondoka bandari hiyo hiyo Februari 1944 katika msafara wa meli tano za askari kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga mojawapo ya meli hizo, Khedive Ismail, kwa torpedo mbili, ikazama kabla ya dakika tatu kutimia, na watu karibu 1,300 wakafa. Hesabu hizo nilizisoma baadaye. Yeye alisema tu kwamba aligeuka kumwita mwenzake aje aone, na mwenzake alipofika hapakuwa tena na meli.

Kilichomkata kauli ni kilichofuata. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiulinda msafara ikapita papo hapo ikiangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji. Nyambizi hatimaye ilizamishwa siku hiyo hiyo. Babu, ambaye meli yao ilikuwa imeamriwa kukimbia, aliona maji yakiinuka kwa mbali.

"Babu, kwa nini wasiwaopoe kwanza?"

"Na sisi tuliobaki tupigwe, mjukuu wangu?" Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Lakini mle majini alikuwamo kijana wa kwetu Kisauni."

Kila nikijaribu kushika moja kati ya kauli hizo mbili, ya pili hunikatiza. Yeye mwenyewe hakuonyesha dalili ya kuchagua: alimgeukia muuza mihogo, akamlalamikia kwamba ndimu ameibania mno.