Kichwa cha Treni Kiitwacho Nyaturu

Mimi ni Mnyaturu niishiye Dodoma, kwa hiyo nisilaumiwe nikisema kwamba kichwa cha treni ninachokipenda kuliko vyote ni namba 3020, kilichopewa jina la kabila langu. Kiliundwa Glasgow na kampuni ya North British katika miaka ya 1950 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na kwa sasa kimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, miongoni mwa vichwa vichache vya mvuke vya pale vilivyowahi kufufuliwa vikatembea tena. Kwa nini Mnyaturu huyo akae Nairobi badala ya Singida ni suala ambalo wazee wetu wangeweza kulijadili mpaka jioni.

Wengi wakisikia kwamba kichwa cha mvuke kinafufuliwa, hufikiria rangi mpya na honi inayolia. Rangi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe imo ndani ya boila, yaani tangi la chuma ambamo maji huchemshwa yawe mvuke, mahali ambapo mtazamaji hapaoni. Mabomba yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji huchomolewa yote, kwa kuwa hayo ndiyo huliwa na kutu mapema, kisha mapya huingizwa na ncha zake kutanuliwa kwa kifaa maalumu mpaka zishike bila kuvuja. Kuta mbili za tanuri, yaani chumba unamowaka moto, wa ndani na wa nje, zimeshikanishwa kwa mamia ya vyuma vifupi, na fundi mzoefu hupita akivigonga kimoja kimoja kwa nyundo, kwani chuma kilichokatika hutoa mlio mfu ambao sikio lake hulitambua mara moja.

Baada ya hapo boila hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu hadi shinikizo lizidi lile la kazi ya kawaida. Haitumiki mvuke katika jaribio hili la kwanza, na sababu yake ni ya maana sana: maji yanapogeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka takriban mara 1,600, hivyo boila yenye mvuke ikipasuka huua, ilhali yenye maji baridi humwaga maji tu.

Sisi wa kanda ya kati tuna sababu ya kufikiria maji kuliko watu wengine. Yeyote anayechemsha maji ya kisima hapa Dodoma anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huohuo ukiganda juu ya chuma cha tanuri huzuia joto lisifike kwenye maji, chuma chenyewe kikapata moto kupita kiasi, kikalegea na kuvimba. Ndiyo maana boila husafishwa mara kwa mara, na maji yake hutiwa dawa kabla hayajaingia.

Reli yenye upana wa mita moja iliyofika hapa mwaka 1910 bado ipo, na ndiyo pekee inayoweza kubeba kichwa cha aina hiyo, kwa kuwa reli mpya ya umeme, iliyoanza kutuletea abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Ningependa sana kuona siku moja treni ya mvuke ya watalii ikitoka Dodoma, ikipita Bahi na Kintinku, kisha ikiupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Mlima ule hunywa mvuke mwingi, na maana yake ni maji mengi. Kwa maoni yangu, basi, fedha ya kwanza ya mradi wa namna hiyo ingepaswa kwenda kwenye mtambo wa kusafisha maji hapa stesheni na mwingine Manyoni, na ya pili kwenye mafunzo ya vijana watakaokaa karakanani na mafundi wastaafu wangali hai. Mabehewa yenye viti vya kifahari yanaweza kungoja.