Msiba Unaofika kwa Simu

Kwetu mtu akifiwa hana haja ya kuomba msaada, kwa kuwa msiba una utaratibu wake ambao kila mtu anaujua: jirani wa kwanza kusikia kilio huondoa viti sebuleni na kutandika mikeka, wanawake huteka maji na kuinjika masufuria uani, wazee hujitenga pembeni kupanga nani apigiwe simu na nani waende kuchimba kaburi, na kijana mmoja hukabidhiwa daftari la rambirambi. Mfiwa huachiwa kulia tu. Hapa Uingereza utaratibu huo haupo, ndiyo maana marafiki wenye mapenzi ya kweli hujikuta hawana la kufanya zaidi ya kuandika "pole sana" kwenye kundi la WhatsApp. Ninaishi Coventry, na baada ya kuhudhuria misiba mingi ya wenzetu nimefikia imani kwamba mtu aliye mbali na kwao hufarijika pale rafiki mmoja anapochukua sehemu mahususi ya mzigo ambao nyumbani ungebebwa na mtaa mzima.

Sentensi tunayoipenda ni "ukihitaji chochote, niambie". Nia yake ni njema, lakini inamrudishia mfiwa kazi: atafute anachohitaji, achague wa kumwomba, kisha aishinde haya ya kuomba, naye amelelewa akijua kwamba mtu mwenye staha haombi. Ni afadhali kusema, "Kaka, kesho jioni nakuletea chakula, na watoto nitawapeleka shule mimi mpaka Ijumaa." Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta, Mtume aliwaagiza watu waipikie familia yake, kwa kuwa lilikuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Sisi katika fleti zetu tumeugeuza mwongozo huo kichwa chini miguu juu. Nilimkuta dada mmoja, siku mbili baada ya kufiwa na mama yake, amesimama mbele ya sinki, kanga begani, akisuuza vikombe vya wageni ili vitoshe kwa awamu ya pili ya chai, na huko sebuleni wageni wenyewe walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mazungumzo ya bei za nyumba. Anayekwenda kuhani aende na chupa ya chai, vikombe vya karatasi na chakula kilichokwisha kupikwa, na kabla ya kuaga awe ameosha vyombo.

Saa ya mazishi ndiyo nzito kuliko zote. Kwa Waislamu wa pwani maiti hacheleweshwi. Habari ikifika alfajiri, mara nyingi jioni watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini, na hakuna ndege ya kumfikisha mtu Tanga kwa muda huo. Kinachobaki ni simu. Kijana mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee alimzika baba yake kwa njia hiyo. Majira ya baridi Uingereza iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo maziko ya saa kumi alasiri yalimkuta saa saba mchana, katikati ya zamu. Wenzake wawili walimfuata kazini, wakamsaidia kuomba ruhusa kwa msimamizi, wakakaa naye ndani ya gari kwenye maegesho. Binamu aliyeshika simu kule makaburini alionyesha zaidi migongo ya watu na kanzu zao; halafu picha ikaganda, na iliporudi ilikuwa mbingu tupu, kwa kuwa binamu alikuwa ameilaza simu chini ili naye atie udongo. Talakini, maneno anayosomewa maiti kaburini, ilisikika vizuri. Wale wawili hawakusema neno: mmoja alikuwa na simu ya akiba yenye chaji, mwingine alimshika bega dua ilipoanza. Ningeongeza jambo moja tu, kwamba rafiki azungumze mapema na mtu wa kule asiye na jukumu jingine, amwombe asimame karibu na kaburi na asiiachie simu mpaka mwisho.

Kisha kuna fedha, na hapa ndipo tunapowaonea wenzetu bila kujua. Aliye ughaibuni akifiwa huwa mfiwa na mgharimiaji kwa wakati mmoja. Machozi hayajakauka, simu zinaanza: turubai na viti havijalipiwa, mchele umepungua, basi la kuwaleta wazee kutoka kijijini linataka nauli ya kwenda na kurudi. Rafiki anayeaminika ajitolee kuwa mweka hazina, akusanye michango, aiandike, aitume kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na familia, na simu zote za madai zije kwake. Mchango nao utolewe kabla ya mazishi, kwa sababu unaofika wiki mbili baadaye unamkuta mwenzenu amekwisha kukopa.

Mambo ya kazi na karatasi yanahitaji mtu mwenye akili iliyotulia, na mfiwa hana utulivu huo. Sheria ya Uingereza inampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi muda wa kiasi usio na malipo ili ashughulikie msiba. Siku za malipo hutegemea mkataba wake. Kwa wenzetu waliokuja kwa udhamini wa mwajiri, ruhusa hiyo iombwe kwa maandishi, kwa maana mwajiri hutakiwa kuiarifu serikali mfanyakazi asipoonekana kwa zaidi ya siku 10 za kazi mfululizo bila ruhusa. Kumwandikia mwenzako barua pepe hiyo, akaisoma na kuituma, ni faraja pia. Uchungu zaidi ni wa yule asiyeweza kusafiri kabisa. Aliyeomba kuongezewa kibali cha kuishi, akitoka nchini kabla ya kujibiwa, ombi lake huhesabiwa kuwa limeondolewa. Ndugu walioko nyumbani hawalielewi hili kwa urahisi, na maneno ya "hata kumzika mama yake hakuja" huweza kukaa katika ukoo miaka mingi. Rafiki anayeheshimika katika familia anaweza kumpigia baba mkubwa au mjomba, kwa idhini ya mfiwa, akamweleza hali ilivyo kabla maneno hayo hayajaota mizizi. Sijui msaada unaozidi huo, na haugharimu hata shilingi.

Katika kuzungumza, machache yanatosha. Marafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na walianza kumuumiza walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. "Jikaze, wewe mwanamume" halina faida kwa yeyote, wala "shukuru, aliishi miaka mingi", ambalo aseme mfiwa mwenyewe akipenda. Mwulize habari za marehemu: alikuwa akifanya kazi gani, alimwitaje mwanawe utotoni. Huku ugenini hakuna aliyemjua mama yake, na asipoulizwa atakuwa na mwezi mzima bila kulitaja jina lake kwa sauti.

Arobaini ikipita simu hunyamaza. Aliyefika siku ya kwanza pamoja na umati afike tena mwezi wa tatu akiwa peke yake, bila tangazo, wakala ugali na kuzungumza hata habari za mpira.

Yapo pia mateso yasiyotandikiwa mkeka: mimba iliyoharibika, ndoa iliyovunjika, ombi la ukimbizi lililokataliwa, ugonjwa ambao mwenyewe hataki ujulikane. Haya hayapelekwi kwenye kundi hata kwa nia ya kuombewa. Jumuiya zetu ni ndogo, na siri ikitoka Coventry asubuhi, jioni imefika Mombasa. Anayeaminiwa siri ya namna hiyo amwulize mwenyewe nani aambiwe, na akijibiwa "hakuna mtu", basi hata mke wake asiambiwe.

Kukaa na mtu hakutoshi anapoanza kusema amechoka kuishi, au anapogawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyoeleweka. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akiwa katika hatari ya papo hapo, piga 999 na usimwache peke yake. Kwa ushauri wa haraka, ndani ya England hupigwa 111 na kuchaguliwa namba 2, na Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, hupokea simu bure usiku na mchana kupitia 116 123. Kwa daktari wa familia anaweza kuombewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na inafaa awe mkalimani wa mbali, wa kwenye simu, kwa sababu wengi wetu hatuwezi kuyasema mambo hayo mbele ya mtu tutakayekutana naye Jumapili kanisani au Ijumaa msikitini.