Sahani iliyopotea majini

Leo nimewapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, hapa Kisumu. Tukashusha ile sahani ya kupimia uangavu wa maji, yenye robo nyeusi na nyeupe. Haikufika hata mita moja, ikapotea machoni. Maji mazito, kijani kama rangi ya ukutani iliyomwagika. Binti mmoja aliyekulia Dunga, kando ya ghuba hii, akaniambia, "Mwalimu, sisi nyumbani haya tunayachemsha, tunakunywa."

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikawaeleza: kijani hiki ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea, jamii ya maikrosistisi, zinazostawi kwa mbolea na maji taka yanayoingia ziwani. Baadhi yake hutoa sumu inayoumiza ini, na kuchemsha hakuiondoi. Moto huzipasua seli tu, sumu ikabaki majini.

Mwaka jana umeme ulikatika wikendi nzima, sampuli za miezi minne zikaharibika kwenye friza. Nililia. Lakini jioni hii yule binti amebaki maabara peke yake, jicho kwenye hadubini, anahesabu seli. Ameniomba chupa sita, Jumamosi akachote maji ya kwao.