Namba iliyofutwa

Mitihani ya katikati ya muhula imekwisha, mdogo wangu ameposwa Jumamosi, na mimi bado nawaza ufutio.

Yule binti wa mwaka wa kwanza, mwenye maswali, alikuwa kwenye mchemraba wa Leslie, boksi la chuma lenye pande za nyuso tofauti: maji ya moto ndani, thamopaili (kifaa kinachopima joto linalonururishwa) sentimita 3 kutoka kwenye uso wa chuma. Upande mweusi ulisoma juu, uliong'arishwa ukasoma kidogo mno, mweupe ukakaribiana na mweusi. Akafuta namba ya upande mweupe, akaandika ndogo.

"Mbona umefuta?"

"Kifaa kimekosea, Mwalimu. Nyeupe haitoi joto."

"Nani kakwambia?"

"Tulifundishwa sekondari."

Tulifundishwa sekondari. Kwa mwanga wa jua, somo lile ni sahihi. Lakini kitu chenye kelvini 373, yaani nyuzi 100 za selsiasi, hutoa mnururisho wake kwa wingi karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 7.8 (kwa sheria ya Wien, gawa 2898 kwa 373), na jicho linaishia kwenye 0.7 hivi. Huko mbali, jicho lisikoona, rangi nyeupe ya kupaka inatoa takriban asilimia 90 ya kile ambacho kitu cheusi kamili kingetoa. John Leslie alikwisha kuliona hili mwaka 1804: karatasi nyeupe ilitoa karibu sawa na masizi. Kinachotoa kidogo ni chuma kilichong'arishwa, nacho alama za vidole tu zinatosha kupandisha usomaji.

Angalikuwa na vingi vya kushuku. Thamopaili ikiachwa wazi mbele ya mchemraba hupata joto yenyewe, kwa hiyo ikingwe baada ya kila usomaji. Maji hupoa, kwa hiyo halijoto isomwe upya kwa kila upande. Kioo cha dirisha kikikaa katikati huzuia karibu mnururisho wote, japo unaona ng'ambo vizuri. Hakugusa hata kimoja. Alifuta namba.

Jana usiku nikafika kwenye ripoti yake. Namba ya kwanza ameirudisha! Kando yake kuna hesabu safi ya uso mweusi, kwa sheria ya Stefan na Boltzmann inayotaka kelvini: 5.67 × 10⁻⁸ × (373⁴ − 300⁴), yaani wati 638 hivi kwa mita ya mraba. Amepunguza mchango wa chumba (ile 300⁴), kwa kuwa thamopaili nayo inanururisha. Jirani yake kaweka 100 na 27 za selsiasi badala ya kelvini, akapata 5.6, na hakushtuka.

Chini kaandika: "Je, bati lililopakwa nyeupe hupoa usiku haraka kuliko bati jipya linalong'aa?"

Ndiyo, mwanangu, hasa anga likiwa halina mawingu. Mchana hurudisha jua, usiku hutoa joto kwa wingi kuelekea juu. Swali hili ndilo litakalofungua kipindi cha Jumatatu, kabla sijagusa taa na voltimita.

Mama bado anakohoa, anasema ni vumbi. Kesho nampeleka akapimwe kifua, atake asitake.