Jina kwenye cheti cha mtamba
Juzi mtamba wangu kagoma kula. Tezi chini ya sikio imevimba kama limau, anahema kama aliyekimbizwa. Daktari wa mifugo kasema ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, akaandika kwenye cheti jina la kimelea chake: Theileria parva.

Nikauliza, hilo jina la nani? Kumbe la Arnold Theiler, Mswisi aliyehamia Afrika Kusini 1891, mashine ya shambani ikamkata mkono wa kushoto. Mkono mmoja, na bado akachunguza vimelea vya damu maisha yake yote! Maabara ya mifugo ya Onderstepoort, huko huko Afrika Kusini, aliianzisha yeye, 1908. Na ndigana yenyewe ilifika kule na ng'ombe waliotoka pwani yetu hii.

Nikamfunua mtamba wangu sikio: kupe wa kahawia wamejazana humo. Kachomwa sindano, leo kanywa maji.